Spana Iko kwa Nani?

Ipo spana moja inayofungua karibu kila nati ya pampu ya mkono iitwayo Afridev, pampu ambayo wanawake wa vijiji vingi vya Afrika Mashariki wanaujua mkono wake kama wanavyoujua mchi wa kinu. Waliobuni pampu hiyo katika miaka ya 1980 walikusudia iwe hivyo. Walitaka mwanakijiji asiye na karakana, winchi wala gari aweze kufungua kichwa cha pampu, kuvuta vyuma vya ndani, kutoa pistoni, kubadilisha mpira uliolika na kurudisha kila kitu mahali pake kabla jua halijapanda. Bomba halina haja ya kung'olewa, kwa sababu ni la plastiki na tumbo lake ni pana kiasi cha pistoni na valvu ya chini kupita ndani yake. Penye beringi za chuma pakawekwa bushi za plastiki zisizotaka grisi. Ni kazi ya kiufundi ya kupendeza, na anayeidharau kwa kuwa haina injini hajaielewa. Hata hivyo, mwaka 2009 mtandao wa wataalamu wa maji vijijini, RWSN, ulipojumlisha takwimu za nchi za kusini mwa Sahara, ulikuta takriban asilimia 36 ya pampu za mkono, za aina zote, hazifanyi kazi. Zaidi ya moja katika kila tatu. Baadhi zilisimikwa mahali pabaya, baadhi visima vyake vilikauka, na nyingine zilisimama kwa kukosa kipuri ambacho mtu angeweza kukitia mfukoni akapanda nacho daladala.

Swali langu leo ni hilo la spana: iko kwa nani, na nani aliamua iwe kwake? Naliuliza kwa sababu kwa zaidi ya nusu karne misaada ya afya na maendeleo imependa vifaa vidogo. Sisemi kitu kidogo, maana maneno hayo yana kazi nyingine barabarani. Nasema vifaa vidogo, yaani pampu, majiko sanifu, pakiti za chumvi na sukari, vyandarua, vichujio vya maji. Upendo huo una sababu nzuri, na nitazitaja. Lakini ndani yake mna kosa moja lililorudiwa sana: kuona kifaa ni kidogo, kisha kudhani kuwa kazi ya kukiweka hai nayo ni ndogo, hivyo inaweza kuachiwa yeyote aliye karibu. Mimi nashikilia kinyume chake. Kadiri kifaa kilivyo kidogo na kilivyotawanyika, ndivyo kinavyohitaji mpango mpana nyuma yake, na pale ambapo vifaa vidogo vimefanikiwa kweli, mpango huo ulikuwapo ingawa haukupigwa picha.

Tuanze na sababu nzuri. Watu wa ukanda huu tunajua kikubwa kinavyoanguka. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza, yenye uhaba wa mafuta ya kupikia baada ya vita, ilianzisha mradi wa karanga Tanganyika, katika maeneo ya Kongwa, Urambo na Nachingwea. Yakaletwa matrekta, na hata vifaru vya vita vikageuzwa kuwa mashine za kung'oa visiki. Ardhi ya Kongwa ilikauka ikawa kama sakafu, majembe ya chuma yakalika, vipuri vikachelewa, mvua nayo haikusoma ratiba ya London. Mradi ukaachwa mwaka 1951 na hasara ya pauni zipatazo milioni 36. Baada ya kisa kama hicho, mtu akija kusema kwamba nchi maskini inahitaji zana zinazolingana na kipato chake, zinazoweza kutengenezwa na mafundi wake na kurekebishwa bila kumwita mhandisi kutoka Ulaya, atasikilizwa. Mtu huyo alikuja. E. F. Schumacher, mchumi mzaliwa wa Ujerumani aliyefanya kazi miaka mingi katika bodi ya makaa ya mawe ya Uingereza, alikwenda Burma mwaka 1955 kama mshauri akarudi na mashaka makubwa juu ya ushauri wenyewe. Katikati ya miaka ya 1960 yeye na wenzake waliunda London kundi la kuendeleza kile walichokiita teknolojia ya kati: iliyo juu ya jembe la mkono na chini ya trekta. Kitabu chake cha mwaka 1973 kiliuzwa dunia nzima. Mwaka huohuo Tanzania ilianzisha SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, na nchi iliyokwisha kutangaza katika Azimio la Arusha kwamba fedha si msingi wa maendeleo haikuhitaji kushawishiwa sana.

Lakini tazama kilichotokea India, kwa sababu pampu zetu ni wajukuu wa pampu za huko. Ukame ulioikumba Bihar mwaka 1966 na 1967 uliisukuma UNICEF kuleta mitambo ya kutoboa mwamba mgumu. Visima virefu vikachimbwa kwa maelfu, na juu yake zikawekwa pampu za chuma cha kalibu ambazo umbo lake lilitoka kwenye mashamba ya Ulaya na Marekani. Kule, pampu ya namna hiyo ilihudumia nyumba moja na ng'ombe wachache. Katika kijiji cha India ilipigwa kuanzia alfajiri hadi usiku na mamia ya watu. Katikati ya miaka ya 1970 ilibainika kwamba takriban robo tatu ya pampu hizo zilikuwa zimekufa. Wa kwanza kutafuta dawa walikuwa mafundi wa misheni katika jimbo la Maharashtra, huko Jalna na Sholapur, waliounganisha mkono wa pampu kwa chuma cha kuchomelea na mnyororo, ukaacha kuyumba. Kutokana na kazi yao, UNICEF, serikali na kiwanda cha Richardson & Cruddas cha Madras walitengeneza India Mark II, pampu iliyokuja kuwa mashuhuri kuliko zote duniani. Hadithi hupendwa kuishia hapo, kwenye ushindi wa fundi wa misheni. Kisichosimuliwa sana ni kwamba katika jimbo la Tamil Nadu pampu hiyo iliendeshwa kwa ngazi tatu: mtunzaji kijijini aliyekaza nati na kutoa taarifa, fundi wa eneo aliyezungukia pampu nyingi, na kikosi cha wilaya chenye gari na zana za kung'oa mabomba. Kikosi hicho kililipwa mshahara. Ukiondoa gari na mshahara, India Mark II ni nguzo ya chuma iliyosimama jangwani.

Tanzania ilikuwa imejiwekea shabaha kubwa kuliko nchi nyingi. Mwaka 1971 ulianza mpango wa miaka 20 wa maji vijijini, uliokusudia kwamba ifikapo 1991 kila mwananchi apate maji safi ndani ya mita 400 kutoka nyumbani kwake. Wafadhili wakagawana mikoa karibu kama wakoloni walivyogawana bara, ingawa kwa nia njema zaidi. Wafini walikwenda Mtwara na Lindi wakaja na pampu yao ya Nira. Waholanzi walikwenda Shinyanga, kisha Morogoro, na huko zikaonekana pampu za SWN na ile ya Kangaroo, iliyokanyagwa kwa mguu na kurushwa juu na springi. Wasweden wakachukua mikoa ya Ziwa. Kila pampu, ukiitazama peke yake, ilikuwa na hoja yake. Tatizo halikuwa ndani ya pampu. Mpira wa mkoa mmoja haukuingia kwenye silinda ya mkoa mwingine, na mfanyabiashara wa vipuri ambaye angeweza kuhudumia nchi nzima akabaki na visoko vidogo vidogo visivyomlipa. Mradi ulikuwa na karakana yake, stoo yake na magari yake, na mradi ulipofungwa, vitu hivyo vilikwenda nao au vilikufa taratibu. Mwaka 1991 ulifika na shabaha haikufikiwa. Si haki kuitupia lawama yote aina ya pampu, maana uchumi wa nchi nao ulikuwa umeporomoka na fedha za kigeni za kununulia dizeli na mabomba hazikuwapo. Ila kutofanana huko kwa pampu kuliacha somo moja waziwazi: viwango vinavyofanana, vipuri vinavyobadilishana na stoo inayojulikana ni mambo ya nchi, na hakuna kijiji kinachoweza kuyaamua chenyewe.

Dunia ilisoma somo lingine. Umoja wa Mataifa ulitangaza miaka ya 1981 hadi 1990 kuwa muongo wa maji ya kunywa na usafi wa mazingira, na UNDP pamoja na Benki ya Dunia wakaanzisha mradi mkubwa wa kupima pampu za mkono maabara na vijijini. Kutoka huko likatoka wazo kwamba pampu inayofaa ni ile inayoweza kutunzwa na kijiji chenyewe. Wazo hilo lilizaliwa kwa sababu vikosi vya serikali vyenye magari vilikuwa haviendi: mafuta hakuna, gari bovu, dereva amepelekwa kwingine. Ikiwa gari haliji, basi tutengeneze pampu isiyolihitaji gari. Ndivyo Afridev ilivyozaliwa, ikianzia Malawi na kukomazwa katika Pwani ya Kusini ya Kenya, wilaya ya Kwale, kuanzia mwaka 1983, kwa fedha za Sweden na kwa ushirikiano wa wizara ya maji na shirika la KWAHO. Mchoro wake haukufungiwa na hataza. Kiwanda chochote kinaweza kuutumia. Na Kwale ilifanya jambo ambalo lazima litajwe kwa heshima. Kamati za maji zilijaa wanawake, wanawake wakashika hazina, na wanawake wakafundishwa kufungua pampu na kuifunga. Katika pwani ambayo kisima kilikuwa kazi ya mwanamke lakini chuma kilikuwa kazi ya mwanamume, hayo hayakuwa mabadiliko madogo.

Hapo ndipo wanaopinga hoja yangu husimama, na pingamizi lao lina nguvu. Watasema: huoni kwamba kumkabidhi mwanakijiji spana ni kumheshimu? Kijiji kinachomiliki pampu yake hakimngoji mtu wa serikali, hakinyenyekei kwa mfadhili, kinajifunza kukusanya fedha na kusimamia mali. Nakubali nusu. Heshima ilikuwapo Kwale, na ipo popote watu wanapoamua wenyewe pampu ikae wapi na nani atunze funguo. Lakini tuiangalie nusu nyingine kwa hesabu za kawaida. Tuseme kijiji kina pampu moja nzuri, inayoharibika mara moja kwa mwaka. Fundi aliyefunzwa kwa siku chache atafanya kazi hiyo mara moja kwa mwaka. Mwaka wa pili atakuwa amesahau nusu ya aliyofundishwa. Mwaka wa tatu ameolewa kijiji cha mbali au amehamia Mombasa kutafuta riziki. Mwenye duka naye ataweka mpira mmoja kwenye rafu, akae nao mwaka mzima, na akiuuza apate faida isiyofikia bei ya kilo ya sukari. Hataweka tena. Uimara wenyewe wa pampu unaua soko la vipuri vyake. Sasa chukua pampu 200 katika eneo moja. Kila wiki zitaharibika kadhaa, fundi atakuwa na kazi ya kudumu na mkono wake hautapoa, duka litauza, na bei ya kila tengenezo itajulikana mapema na kugawanywa kwa wote. Kilicho balaa kwa kijiji kimoja ni jambo la kawaida kwa vijiji 200. Bima zote za dunia zimejengwa juu ya ukweli huo, na ndio ukweli ambao sera ya kila kijiji na pampu yake iliutupa.

Kuna jambo lingine linalonisumbua katika lugha ya umiliki wa jamii. Mkazi wa mtaa wa kitajiri kama Oysterbay au Nyali, bomba lake likipasuka hapewi semina ya siku tatu wala haambiwi achague mweka hazina. Anapiga simu. Mamlaka ya maji ikichelewa, ana haki ya kukasirika. Mwanakijiji pampu yake ikikaa kimya miezi miwili, ripoti huandika kwamba jamii haina ari ya umiliki. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Watafiti waliopitia madaftari ya michango ya visima vya Kwale, ya zaidi ya miongo miwili, hawakukuta watu wakaidi. Walikuta kwamba ulipaji unafuata mambo yanayoeleweka, kama ladha ya maji, umbali wa nyumba kutoka kisimani na majira ya mvua. Maji yakiwa na chumvi, watu hawayalipii. Mvua ikinyesha na mabati yakajaza mapipa, hakuna anayetaka kuchangia pampu. Katika mji mambo hayohayo yanachukuliwa na mamlaka yenye wateja wengi na akiba ya fedha, na mwenye nyumba hata hayajui. Kijijini yanaangukia kamati ya watu tisa ambao hawana mshahara na wanaishi na wadeni wao uzio kwa uzio.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo linatoka upande wa tiba. Mbona, watauliza, chumvi na sukari viliokoa mamilioni bila kikosi wala karakana? Jambo hilo linastahili kusimuliwa vizuri. Mwaka 1968 huko Dhaka, madaktari David Nalin na Richard Cash walionyesha kuwa mgonjwa wa kipindupindu anaweza kurudishiwa maji aliyopoteza kwa kunywa mchanganyiko wa chumvi na glukosi, kwa kuwa glukosi huusaidia utumbo kufyonza chumvi, na maji hufuata. Mwaka 1971, wakati wakimbizi wa vita vya Bangladesh walipofurika mpakani, daktari Dilip Mahalanabis aliishiwa na dripu katika kambi ya Bangaon, akaamua kuwapa wagonjwa mchanganyiko huo kwenye vikombe, ndugu zao wakiwa ndio wauguzi. Vifo, vilivyokuwa vikifikia karibu asilimia 30, vilishuka hadi kama asilimia 4. Mwaka 1978 jarida la Lancet liliuhesabu ugunduzi huo kuwa huenda ndio mkubwa kuliko yote ya tiba katika karne ile. Kifaa? Maji, mbano wa chumvi wa vidole vitatu, na konzi ya sukari guru. Hakuna nati, hakuna mpira. Sasa uliza namna tiba hiyo ilivyofika vijijini Bangladesh. Kuanzia mwaka 1980 shirika la BRAC lilituma wafanyakazi wanawake nyumba kwa nyumba kwa muda wa miaka 10, wakafika kaya zipatazo milioni 12, wakamfundisha kila mama kuchanganya kwa mikono yake mwenyewe. Malipo yao hayakuhesabiwa kwa nyumba walizozitembelea. Baadaye mkaguzi alipita kwa baadhi ya akina mama kuangalia wanakumbuka nini, na mfanyakazi akalipwa kwa kadiri ya kile kilichokumbukwa. Ilipoonekana kuwa mama anajua lakini hatumii, BRAC haikumlaumu mama. Ilichunguza, ikagundua kwamba hata baadhi ya wafundishaji wake hawakuiamini dawa waliyoifundisha, na kwamba wanaume walikuwa wameachwa nje ya mazungumzo. Wakarudi darasani, wakaenda misikitini na masokoni. Mbano wa chumvi ulikuwa na taasisi nzima mgongoni, yenye mishahara, wakaguzi na subira ya miaka kumi. Nadhani ni ushahidi wangu bora, si wa wapinzani.

Bangladesh hiyohiyo ina upande mwingine, na unatisha. Ili kuwaokoa watoto na maradhi ya kuhara yaliyotokana na maji ya mabwawa, serikali na UNICEF walihimiza visima vya bomba vyenye pampu ndogo za mkono. Watu walivipenda, wakaanza kujinunulia wenyewe kwa mamilioni, mpaka mafundi wa mitaani wakawa wanavichimba kwa siku moja. Ni miradi michache ya vifaa vidogo iliyosambaa kwa hiari kama huo. Maji yalipimwa vijidudu, na hayakupimwa aseniki, kwa kuwa upimaji huo haukuwa wa kawaida. Mwaka 1993 sumu hiyo ilithibitishwa ndani ya visima, na mwaka 2000 makala katika jarida la Shirika la Afya Duniani ilikadiria kwamba watu kati ya milioni 35 na milioni 77 walikuwa hatarini. Aseniki haina rangi, harufu wala ladha. Inatoka kwenye udongo wenyewe, na madhara yake kwenye ngozi na viungo vya ndani huchukua miaka kujitokeza. Mwenye pampu hawezi kuijua hata awe fundi wa namna gani, na spana haimsaidii. Ilibidi waje watu wenye vipimo, wapime mamilioni ya visima, wapake midomo ya pampu rangi nyekundu kwa maji mabaya na kijani kwa maji salama. Maabara ni kitu ambacho kijiji hakiwezi kujipatia chenyewe. Kila kisima kidogo kinachochimbwa bila maabara nyuma yake kimeahirisha swali kwa watoto wa wachimbaji.

Kuhusu ile bembea ya kuzunguka iliyotoka Afrika Kusini, PlayPump, sitakawia. Watoto wanacheza, maji yanapanda kwenye tangi, matangazo ya biashara kwenye tangi yanalipia matengenezo: wazo tamu, hasa kwa anayelitazama akiwa mbali. Benki ya Dunia ililituza wazo hilo mwaka 2000, na mwaka 2006 huko Marekani yalitangazwa mamilioni ya dola ya kusimika bembea 4,000 barani Afrika. Kila moja iligharimu takriban dola 14,000, mara kadhaa ya bei ya pampu ya kawaida. Mwaka 2009 gazeti la Guardian lilipiga hesabu kwamba ili ahadi itimie watoto wangepaswa kucheza saa 27 kila siku. Watoto walipochoka, mama zao walilizungusha gurudumu kwa mikono, wameinama. Mwaka 2010 shirika lililoongoza kampeni lilifunga milango. Nalitaja kwa sababu moja tu: waliolisifu walihesabu bembea zilizosimikwa, na fedha za kuhesabu zinazofanya kazi zilikuja mwishoni, kama zinavyokuja mwishoni karibu kila mahali.

Kenya ilitoa jaribio la kuhesabu kwa namna nyingine. Katika eneo la Kyuso, Kitui, watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford waliweka ndani ya mkono wa pampu kifaa kinachohisi mkono unavyopanda na kushuka, kisha kutuma hesabu kwa ujumbe wa simu. Pampu ikinyamaza, fundi anajua bila kungoja mtu atembee kilomita nyingi kutoa taarifa. Katika majaribio ya mwaka 2013, muda wa pampu kukaa mbovu ulishuka kutoka wastani wa siku 27 hadi chini ya siku 3. Ni rahisi kukisifu kile kifaa kidogo cha simu, na magazeti yalikisifu. Mimi natazama kilichokuwa upande wa pili wa ujumbe ule: fundi mwenye ajira, stoo yenye vipuri, na pampu nyingi chini ya mkono mmoja. Kutokana na jaribio hilo ikatokea FundiFix, huduma ya matengenezo inayofanya kazi Kitui na Kwale, ile Kwale iliyoikomaza Afridev miaka 30 kabla. Kijiji kinalipa ada ya mwezi na kupata ahadi ya kutengenezewa ndani ya siku chache. Spana imehama kutoka kwa kamati kwenda kwa fundi wa kulipwa, na kijiji hakikuona kwamba kimedharauliwa.

Litabaki pingamizi la mwisho, la mtu wa hazina. Ada za watumiaji peke yake hazijatosha kuendesha huduma hiyo. Pengo linazibwa na mfuko wa dhamana, na mfuko unategemea sana fedha za wafadhili. Je, huu si utegemezi uleule kwa jina jipya? Ungekuwa utegemezi kama mahali pengine maji ya watu maskini yangejilipia yenyewe, lakini hata mitandao ya maji ya miji tajiri ilijengwa kwa fedha za umma, na barabara ya changarawe haiulizwi kama imejilipia. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 43, inampa kila mtu haki ya maji safi ya kutosha, na huduma ya maji ikawekwa mikononi mwa kaunti. Tanzania kwa sheria ya mwaka 2019 iliunda RUWASA, wakala wa maji vijijini, ambao unavisimamia vyombo vya watumia maji, ikiwa ni njia ya kukiri kwamba kamati za vijiji zilikuwa zimeachwa peke yao muda mrefu mno. Sheria hizo zimeshapita. Kinachotafutwa sasa ni kifungu katika bajeti ya kila mwaka chenye jina lisilovutia kabisa, matengenezo ya pampu za mkono, kiasi fulani cha shilingi kwa kila pampu, na hakuna mbunge atakayekata utepe siku kitakapopitishwa. Siku hiyo fundi atapanda pikipiki kutoka Kwale mjini, mpira mfukoni, spana kwenye begi, akielekea kwenye pampu ambayo imenyamaza tangu jana.